Ekari Zangu na Nyuki wa Kukodi

Jumapili, 15 Oktoba

Nimekuwa mwenye ardhi! Ekari kumi na nane, na hati ina jina langu kamili, Verlon Hartsfield. Zina mawe, sikatai. Bi Oleta Schuessler aliyeniuzia anasema mawe huzuia udongo usipeperuke. Mjane yule anajua ardhi. Familia yake imefuga mbuzi kwenye vilima hivi tangu Texas ilipokuwa haina barabara.

Miaka yote hii nimekuwa nikimlipa huyo huyo Bi Oleta ili niwinde kulungu kwenye ranchi yake. Mimi, shemeji yangu Royce na wenzetu wawili. Unalipa, unawinda, Januari inafika, mkononi umebaki na risiti. Mwaka huu nimejitoa. Nimemtangazia Royce mbele ya watu, pale kwenye duka la chakula cha mifugo, kwamba kukodi ni kutupa hela mtoni. Akaniuliza kama ardhi yangu ina mto. Haina! Sasa zitatupwa wapi?

Hela ya kununulia ilikuwa akiba ya Darla ya jiko jipya. Mke wangu si mtu wa makelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, ila kwa sharti: ikifika Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, friza iwe na nyama ya kulungu kutoka ardhi yetu wenyewe. Isipokuwepo, ardhi inauzwa na jiko linajengwa. Nilicheka. Nikaliandika sharti hilo kwenye kalenda ya friji kwa kalamu nyekundu, nikatia sahihi. Kisha nikamkabidhi, kwa heshima zote, hela ambayo mwaka huu ningempa Bi Oleta. Faida ya kwanza ya kumiliki! Nikamwambia atumie apendavyo. Akashukuru, akaitia mkobani.

Na Gavana nitampata mimi. Gavana ni kulungu dume tunayemfuatilia kwa kamera za kwenye miti huu mwaka wa tatu. Pembe zake pana kama kiti cha kubembea. Tulimwita Gavana kwa sababu huonekana mara moja kwa mwaka na hampi mtu kitu.

Jumamosi, 21 Oktoba

Siku ya kazi. Nimesimamisha kibanda cha kuvizia juu ya nguzo nne, chenye ngazi, dirisha na kiti cha ofisi kinachozunguka. Mbele yake nimeweka pipa la mahindi la miguu mitatu, lile linalorusha mahindi lenyewe asubuhi na jioni. Limerusha vizuri sana. Punje moja imenipata jichoni.

Royce alikuja kuegemea uzio kwa upande wa Bi Oleta. Hakusaidia. Alinitangazia kwamba nafasi yangu niliyoiacha bado iko wazi na kuna mtu ameanza kuiulizia. Nilimwambia ampe pole zangu mtu huyo, kwa kuwa ni mjinga. Royce akasema atamfikishia.

Baadaye akaja Bi Oleta na gari lake bovu na mbwa wake mbovu zaidi. Akatazama ekari zangu kama mtu anayemtazama mtoto aliyemwoza. Akasema: “Mwanangu Verlon, niwaachie mbuzi wangu wachache humu, wale nyasi zako. Bure. Mwaka mpya ukifika utanishukuru.”

Bure! Niliona mara moja anakotaka kwenda. Ameuza ardhi na bado anataka nyasi zake. Nilimjibu kwa adabu kwamba hapa ni mahali pa kulungu, si pa mbuzi. Akamwita mbwa wake garini. “Haya, mwanangu,” akasema, akaondoka. Mimi moja, Bi Oleta sifuri.

Jumanne, 24 Oktoba

Ofisi ya kodi ya kaunti. Binti wa dirishani ana kucha ndefu na sauti ya upole, na kila alilosema kwa sauti hiyo lilikuwa baya. Ardhi ya malisho hulipa kodi ndogo. Ardhi isiyo na mifugo wala kilimo hulipa kodi ya watu wa starehe. Na mwenye ardhi akibadilisha matumizi, anadaiwa hata tofauti ya kodi ya miaka iliyopita! Nina mpaka mwaka mpya kuonyesha kwamba ekari zangu zinafanya kazi.

Nilimwambia zina kulungu tele. Akasema kulungu si wangu, ni wa jimbo. Nikamwambia mimi ndiye ninayewalisha! Akasema kulisha siyo kumiliki, yeye analisha kaka yake wa miaka thelathini na mbili na hajapewa hati.

Halafu akataja wanaokubalika: ng'ombe, kondoo, mbuzi, nyuki.

Nyuki! Hawataki uzio, hawataki maji ya bomba, hawagusi nyasi. Na huhitaji hata kuwanunua. Kuna bwana mmoja, Weldon Pruitt, anawakodisha kwa msimu kwa watu wenye shida kama yangu. Unalipa, anakuletea mizinga, ofisi ya kodi inaridhika. Nimempigia simu papo hapo nikiwa bado kwenye foleni.

Jioni Royce akauliza kama kukodi nyuki siyo kutupa hela mtoni. Nikamweleza kwamba nyuki ni jambo tofauti kabisa. Akaniomba nimfafanulie. Sikuwa na muda.

Jumamosi, 28 Oktoba

Pruitt ameleta mizinga sita myeupe. Aliuliza aiweke wapi. Nikamwonyesha pale karibu na pipa la mahindi, maana ndipo barabara ya pikapu inapoishia na mgongo wangu hauko sawa. Akakuna kidevu. Akasema mvua haijanyesha tangu Agosti, hakuna hata ua moja, na nyuki mwenye njaa hachagui. Nilimkumbusha kwamba nimekodi nyuki, sikukodi ushauri. Akacheka, akasema ushauri ungekuwa bei nafuu zaidi.

Lakini sikiliza! Kamera imemnasa Gavana! Usiku, kwenye mahindi yangu, kichwa chini, anatafuna kama yuko kwao. Nilikimbia ndani na picha. Darla alikuwa anatazama vipande vya vigae, vya kijani na vya rangi ya maziwa. Aliitazama picha kwa makini kuliko nilivyotarajia. Akauliza huwa anapitia wapi akitoka pale. Nikamwonyesha: anaruka uzio karibu na ule mwaloni uliopigwa radi, halafu anashuka bondeni kwa upande wa Bi Oleta, mbele kabisa ya kibanda changu cha zamani, cha enzi za kukodi. Akasema “Kumbe.” Nilifurahi kuona hatimaye anavutiwa na mambo yangu.

Kisha akaenda kwa Royce kumsaidia wifi yake Nelda kuoka pai za njugu za pekani. Amerudi na miiba ya dungusi kakati kwenye soksi. Sijui hizo pai wanazioka wapi.

Jumatano, 1 Novemba

Balaa. Nyuki wamegundua mahindi!

Sikujua kwamba nyuki hula vumbi la mahindi. Nani anajua jambo kama hilo? (Pruitt anajua. Nimempigia. Anasema ndicho alichokuwa akinieleza nilipomkatiza.) Pipa langu limevaa nyuki kuanzia juu mpaka miguuni, kama koti la manyoya. Mashine ikirusha mahindi, inarusha na nyuki. Kwenye picha kuna jike mmoja aliyenyoosha shingo anuse. Picha inayofuata ni ya kwato zake nne zikiwa hewani. Ya tatu ni makalio ya Gavana yakivuka uzio.

Kwa hiyo hali ni hii. Nimenunua ardhi ili nisikodi. Nimekodi nyuki ili niimudu ardhi. Nyuki wanawafukuza kulungu, na kulungu wanakwenda kula kwa wapangaji wa Bi Oleta. Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa na bado naamini kosa ni la Pruitt.

Jumamosi msimu wa kuwinda unafunguliwa rasmi. Lazima nipate dawa.

Ijumaa, 3 Novemba

Dawa imepatikana, na ni akili yangu mwenyewe! Nyuki wana njaa? Wapewe chakula kizuri kuliko vumbi. Nimechemsha sukari, sufuria kubwa kuliko zote za Darla, nikaimwaga kwenye beseni, nikaliweka chini ya kibanda changu cha kuvizia ili niweze kuliongezea bila kutembea mbali. Kufikia saa kumi jioni hakukuwa na nyuki hata mmoja kwenye pipa. Safi kabisa! Mahindi yanang'aa peke yake.

Nimempigia Royce kumtakia bahati njema kesho. Nilitumia ile sauti yangu ya huruma.

Koti langu la zamani la kuwindia silioni popote. Darla anasema nitafute vizuri.

Jumamosi, 4 Novemba

Naandika kwa jicho moja.

Nilipanda kibandani kukiwa na giza na baridi. Kimya kabisa. Nikakaa kwenye kiti changu, kwenye ardhi yangu, bunduki mapajani, kahawa mkononi, nikajiona bwana. Nilisikia mngurumo kidogo ukutani nikadhani ni kipasha joto. Sina kipasha joto.

Kukakucha. Akaja. Gavana mwenyewe! Mchana kweupe, hatua chache kutoka kwenye pipa, pembe zote zikiwa juu. Moyo ulinienda mbio mpaka kahawa ikamwagika. Nikainua bunduki taratibu. Wakati huo huo jua likapiga ukuta wa mbao, mbao zikapata joto, na waliokuwa ndani ya mbao wakaamka. Sukari ilikuwa imewaonyesha njia, ukuta wenye uwazi ndani ukawapendeza, wakahamia. Wa kwanza aliingia kwenye mkono wa shati. Nilivumilia! Wa pili alinichoma kope. Hapo nikapiga kelele ambayo Royce anasema aliisikia akiwa ng'ambo ya bonde, akadhani ni simba wa milimani anazaa.

Ngazi sikuitumia.

Gavana akaruka uzio pale pale kwenye mwaloni. Royce akaja na barafu na kicheko. Akanifunga uso kwa taulo, akanirudisha nyumbani, akamweleza Darla kisa chote mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alishindwa kumaliza. Darla aliniondoa miiba ya nyuki mmoja mmoja, kwa upole sana. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jumapili, 12 Novemba

Uvimbe wa uso umepungua. Kanisani mchungaji alitangaza kwamba Ndugu Verlon anaendelea vizuri, na watu wakageuka kutazama kama ni kweli.

Pruitt amekataa kuja kuwatoa nyuki. Anasema amekodisha mizinga, na mizinga yake ipo pale pale alipoiweka. Wanaokaa kwenye kibanda wamehama kwa hiari yao.

Bi Oleta alinikuta kwenye maegesho. Alinishika kidevu, akaugeuza uso wangu kushoto na kulia. “Mbuzi wangu bado wapo, mwanangu. Mbuzi hachomi mtu.” Nilimwambia Hartsfield hakubali kuhongwa akiwa amevimba. Alisema hilo hakulijua, lakini ataliweka moyoni.

Wiki na nusu imebaki. Friza ina barafu, mkate na samaki wa mwaka juzi. Nakiri kwamba jana nilisimama mbele ya kalenda nikaitazama sahihi yangu na kuogopa. Sitaki kuiuza ardhi ile. Jioni, jua likishukia mawe yangu, huwa nasimama katikati yake na kusema “yangu” kwa sauti. Hakuna kitu kingine ninachoweza kukisemea hivyo, hata pikapu ni ya benki.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimepata! Siwezi kuwatoa nyuki, basi nitakaa nao. Pruitt anayo nguo ya kufugia nyuki, kofia yenye wavu, glavu, kila kitu. Anaikodisha kwa siku. Nimeikodi mpaka Jumapili. Nimeijaribu sebuleni, hakuna kinachopenya. Darla alinitazama akasema nafanana na bibi harusi aliyesahau kula. Shauri yake. Kesho ataniona na Gavana begani.

Akaniaga mapema, anakwenda kulala kwa Nelda. Pai zingine. Hiyo familia itakufa kwa sukari.

Jumamosi, 18 Novemba

Nitaandika yote.

Nilikaa kibandani na nyuki wakanitembea mwilini kote bila kunidhuru. Raha! Jua likatoka. Gavana akatokea vichakani, akaja moja kwa moja kwenye mahindi, ubavu wake wote kwangu. Nikainuka dirishani taratibu, bunduki begani.

Kuna jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua kabla hajajua kusoma. Kulungu wetu akiona hatari huinua mkia, na chini ya mkia ni kweupe pe. Cheupe kikiinuka, wote wanakimbia. Ndiyo maana hakuna mwindaji hapa anayethubutu kwenda porini hata na leso nyeupe. Baba yangu alinichapa kwa ajili ya leso nyeupe.

Mimi nilikuwa mweupe kuanzia kofia mpaka buti, nikiinuka.

Gavana aliniangalia. Sijawahi kumwona mnyama akishangaa hivyo. Akaupandisha mkia, akageuka, akaruka uzio kwenye mwaloni na kushuka bondeni. Nikashusha bunduki. Ng'ambo ya uzio ni mali ya mwingine, siruhusiwi hata risasi ipite.

Kisha ukasikika mlio wa bunduki. Mmoja tu, msafi.

Nikasema moyoni, Royce! Hasira zilinipanda. Nikachukua darubini, nikainua wavu (kosa), nikatazama kibanda changu cha zamani. Mlango ukafunguka. Aliyeshuka ngazi hakuwa Royce. Alikuwa mfupi, na alivaa koti langu la zamani la kuwindia, mikono imekunjwa mara tatu, na nywele zimesukwa msuko mmoja mgongoni. Msuko ule ninaufahamu. Nimelala kando yake miaka ishirini na sita.

Jumapili, 19 Novemba

Yeye ndiye mjinga niliyemtumia pole zangu. Na Royce alimfikishia kweli.

Aliilipia nafasi kwa ile hela niliyomkabidhi. Nilimwambia atumie apendavyo, ndivyo alivyopenda. Mafunzo alipewa na Royce na Nelda, huko kwenye “pai”. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema miaka yote hiyo nilikuwa nikifunga vitu garini kila Novemba na sikuwahi kumuuliza hata siku moja kama anataka kuja. Akasema hivyo bila hasira, huku akiandika “mgongo” na “paja” kwenye vifurushi vya nyama.

Niliumia. Nasema kweli, niliumia.

Nikajaribu lingine. Nikasema sharti lilikuwa nyama iwe kwenye friza, na friza imejaa! Darla akanishika mkono, akanipeleka mbele ya kalenda, akaweka kidole juu ya maneno “ardhi yetu wenyewe”. Mwandiko ni wangu. Nilikuwa nimeyapigia mstari.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu ya Shukrani, kwa Royce. Bata mzinga alikuwepo lakini kila mtu alikula soseji za Gavana. Tamu mno. Nilikula nne kwa uchungu.

Ardhi anaichukua Bi Oleta. Ametoa bei ndogo kuliko aliyoniuzia. Nilipouliza sababu, alisema ni yale mawe. Mbuzi wake wataingia wiki ijayo. Kinachopatikana kitatosha kununua jiko la gesi na sinki, lakini si makabati. Pembe za Gavana zitatundikwa juu ya hilo jiko.

Nikamwomba Royce nafasi kwenye kundi la wapangaji. Hakuna! Wamejaa wanne, wa nne ni mke wangu. Ila kila mpangaji anaruhusiwa kuleta mgeni mmoja. Darla akasema atafurahi kunileta. Royce akanisomea kanuni za mgeni mbele ya meza nzima, kanuni ambazo mimi mwenyewe nilizitunga zamani ili kumdhibiti binamu yake: mgeni hapigi dume, mgeni hujaza pipa la mahindi, mgeni huosha vyombo. Wote wakapiga makofi. Darla alinimegea kipande kikubwa cha pai. Ya pekani. Kumbe kweli walioka na moja.

Ijumaa, 24 Novemba

Habari njema!

Nimekwenda kubomoa kibanda, maana Bi Oleta hakitaki. Pruitt alikuwepo, anapakia mizinga yake. Tukachungulia ukutani. Asali! Ubao mzima! Pruitt anasema kundi lile limestawi ajabu, lina malkia mwenye nguvu, na kuliondoa mbaoni ni kazi ya siku nzima ambayo hataki kuifanya. Ameniuzia kwa bei ya kutupa, pamoja na mizinga miwili ya zamani.

Nimekaa nikapiga hesabu. Kosa langu lote mwaka huu lilikuwa moja tu. Nilikodi nyuki! Kila msimu unalipa, msimu unaisha, anakuja mtu anawapakia, unabaki na uvimbe. Ningekuwa nimewanunua tangu mwanzo, leo hii ningekuwa nauza asali. Sasa ni wangu. Nilisimama mbele yao, mbali kidogo, nikasema “wangu” kwa sauti.

Tatizo dogo ni mahali pa kuwaweka. Darla amesema si nyuma ya nyumba. Lakini jana mezani, wakati wengine wanagombania soseji, Bi Oleta aliniinamia akaninong'oneza kwamba ana ekari tisa ng'ambo ya kilima na angependa zichukuliwe na mtu anayejua thamani ya ardhi. Akaongeza kwamba angeweza kuniachia na mbuzi wawili watatu wa bure. Nimekubali kuzitazama Jumatatu, bila mbuzi. Darla sijamwambia bado. Nimeona nimwache kwanza afurahie jiko lake, hasa kwa kuwa makabati yenyewe hayajanunuliwa na ile hela bado ipo.

Nasikia zina mawe. Lakini mawe huzuia udongo usipeperuke.